Herufi moja ndani ya ini: kisa cha mtoto wa Philadelphia na dawa ya RNA iliyotengenezwa kwa ajili yake

Agosti 2024, nchini Marekani, mtoto wa kiume alizaliwa akionekana mzima. Hata saa 48 hazijatimia, akaanza kulegea, akaacha kunyonya, na pumzi yake ikabadilika. Damu ilipopimwa, amonia ilikuwa imepita mikromoli 1000 kwa lita. Kwa mtoto mchanga mwenye afya kipimo hicho hakifiki 100. Miezi kama 7 baadaye, mwishoni mwa Februari 2025, katika Children's Hospital of Philadelphia, mtoto huyo huyo alitiwa kupitia mshipa dawa ya RNA iliyobuniwa kurekebisha kosa la herufi moja ya DNA lililomo ndani ya ini lake. Kabla yake hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kutengenezewa dawa ya aina hiyo.

Habari zilizozagaa Mei 2025, kisa kilipochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine, zilijikita kwenye dawa yenyewe. Ndivyo ilivyostahili. Lakini anayekisoma kisa kwa jicho la tabibu ataona kwamba dawa ilichukua miezi 6 kutengenezwa, na mwenye ugonjwa huu, upungufu mkali wa kimeng'enya cha ini CPS1, asipotibiwa haishi hata wiki. Kilichomweka hai ili dawa imkute ni mambo yaliyokuwepo miaka mingi: kipimo cha amonia kilichochukuliwa mapema, mashine ya kusafisha damu, dawa za kubeba naitrojeni, na gramu za protini zilizohesabiwa kila siku. Uchambuzi huu unafuata njia hiyo yote, kuanzia kwenye kichupa cha damu.

Kinachokwama

Protini tunayokula ikishavunjwa huacha naitrojeni, na naitrojeni hiyo hugeuka amonia. Amonia ni sumu kwa ubongo. Kazi ya kuigeuza kuwa urea, inayotoka kwa mkojo bila madhara, hufanywa na ini kwa hatua zinazofuatana ambazo huitwa mzunguko wa urea. Lango la kwanza la mzunguko huo linashikwa na kimeng'enya kiitwacho CPS1, kinachokaa ndani ya mitokondria za seli za ini. Chenyewe huchukua amonia na bikaboneti, kikatengeneza kabamoili fosfeti, na hapo hatua nyingine huendelea. CPS1 isipokuwepo, vimeng'enya vyote vinavyofuata vinakaa bila kazi hata kama ni vizima.

Tumboni mtoto hana shida, kwa sababu amonia yake hupita kwenye kondo la nyuma na ini la mama humsafishia. Kitovu kikishakatwa, ini lake linabaki peke yake. Ndiyo maana mtoto huzaliwa na uzito mzuri, analia vizuri, ananyonya mara ya kwanza na ya pili, kisha siku ya pili au ya tatu anaanza kusinzia kupita kiasi. Ndani ya ubongo, seli zinazoitwa astrosaiti hujaribu kuizima amonia kwa kuigeuza glutamini. Glutamini ikirundikana huvuta maji, na ubongo huvimba. Kinachofuata ni degedege, kukosa fahamu, kisha pumzi kusimama.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mzazi ana nakala moja mbovu na moja nzima, na nakala moja nzima inamtosha kabisa. Kumbuka hilo, maana matibabu yote yanasimama juu yake. Makadirio yanayotajwa ni mtoto 1 kwa kila watoto milioni 1.3, na kwa aina kali inayojitokeza siku za mwanzo, takriban nusu ya watoto hufa wangali wachanga.

Saa za kwanza

Mtoto mchanga aliyelegea na hanyonyi, popote duniani, kwanza hudhaniwa ana maambukizi ya damu. Dhana hiyo ni sahihi na antibayotiki zianzishwe. Kosa ni kuishia hapo. Kuna ishara moja ndogo ambayo huweza kuokoa maisha: amonia huchochea kituo cha upumuaji kwenye ubongo, hivyo mtoto hupumua haraka na kabonidayoksaidi yake hushuka, damu ikawa na hali ya alikali. Mwenye maambukizi makali kwa kawaida damu yake huelekea kwenye asidi. Kipimo cha gesi za damu kinachoonyesha alikali kwa mtoto aliyezimia kinapaswa kumfanya daktari adai kipimo cha amonia dakika hiyo hiyo.

Na kipimo chenyewe huharibika kirahisi. Damu ichukuliwe kwenye mshipa unaotiririka vizuri bila kufunga mpira kwa muda mrefu na bila kukamua kisigino. Iingie kwenye kichupa chenye EDTA au heparini, vitu vya kuzuia damu isigande, ikae kwenye barafu papo hapo, ifike maabara na kutenganishwa ndani ya dakika 15, au 30 kwa kuchelewa sana. Damu iliyoachwa juu ya meza huendelea kuzalisha amonia ndani ya kichupa, na jibu la 150 au 180 litakuwa limetokana na uzembe wa uchukuaji. Jibu la 1000 halitokani na uzembe. Kwa mtoto huyu hapakuwa na nafasi ya kusitasita.

Utaratibu wa kawaida wa dharura, unaotumika kwa magonjwa yote ya mzunguko wa urea, uko hivi. Protini yote inasimamishwa, lakini isizidi saa 24 hadi 48, kwa sababu mwili ukikosa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, utaanza kuvunja misuli yake wenyewe na kuzalisha amonia ile ile unayoikimbia. Wakati huo huo mtoto anapewa glukosi ya kutosha ili asivunje misuli: miligramu 8 hadi 10 kwa kilo kwa dakika. Kwa mtoto wa kilo 3, kiwango cha 8 ni kama mililita 14.4 kwa saa za maji ya glukosi ya asilimia 10. Sodiamu benzoeti na sodiamu fenilaseteti hutolewa pamoja, miligramu 250 kwa kilo kwa kila moja, ndani ya dakika 90 hadi 120, kisha kiasi hicho hicho kinasambazwa katika saa 24. Kwa kilo 3 ni miligramu 750 za kila moja. Arijinini huongezwa, miligramu 200 kwa kilo pale lango lililokwama ni CPS1 au OTC, kimeng'enya cha hatua inayofuata.

Dawa hizo mbili haziponyi kimeng'enya. Zinafungua mlango wa nyuma. Benzoeti hushikana na glisini, ikatoka kwa mkojo na naitrojeni 1. Fenilaseteti hushikana na glutamini, ikatoka na naitrojeni 2. Makosa yanayorudiwa ni matatu. La kwanza ni kuzitoa kwenye mshipa mdogo wa mkono, zikavuja na kuunguza ngozi. Zinataka mshipa mkubwa. La pili ni kurudia dozi ya kwanza kwa sababu amonia haijashuka: dawa zikizidi zenyewe huleta kutapika, kupumua kwa kasi na kuzubaa, dalili zile zile za amonia, na timu inaongeza tena. La tatu ni kusahau kwamba zinakuja na sodiamu nyingi na kwamba potasiamu hupotea kwenye mkojo. Elektrolaiti zipimwe mara kwa mara.

Lakini amonia ikipita 500, dawa pekee hazitoshi. Inatakiwa mashine ya kusafisha damu, na mtoto huyu aliwekwa kwenye usafishaji usiokatika. Mashine ya kawaida ya dayalisisi huondoa amonia kwa kasi zaidi, ila kwa mwili wa kilo 3 shinikizo la damu huweza kuporomoka, na ikizimwa amonia hupanda tena kutoka kwenye akiba ya tishu. Muda ambao ubongo umekaa ndani ya amonia ndio huamua mtoto atabaki na akili gani, kuliko hata urefu wa kipimo chenyewe.

Kutambua ni kimeng'enya gani ni kazi ya vipimo viwili vinavyosomwa pamoja. Sitrulini, zao la OTC, kwenye damu ikiwa chini sana maana yake kizuizi kiko kwenye hatua za kwanza. Hapo unatazama asidi orotiki kwenye mkojo: ikiwa juu, tatizo ni OTC, kwa sababu kabamoili fosfeti iliyokosa pa kwenda hugeuzwa asidi orotiki, ikiwa chini au kawaida, kabamoili fosfeti yenyewe haitengenezwi, na mshukiwa ni CPS1. Kisha vinasaba vikasomwa na jibu likawa wazi.

Kosa liko wapi hasa

Protini ya CPS1 ni mnyororo wa asidi amino 1500. Nakala ambayo mtoto alirithi kwa baba ilikuwa na kosa kwenye nafasi ya 335. Palipopaswa kuandikwa CAG, yaani glutamini, herufi C ilikuwa imegeuka T, ikasomeka TAG, na TAG kwa seli ni amri ya kusimama. Mashine ya kutengeneza protini ilikuwa inaachia kipande kisichofika hata robo. Nakala ya mama ilikuwa na kosa la aina hiyo hiyo kwenye nafasi ya 714: GAG ikawa TAG. Nakala zote mbili zilikuwa bubu.

Hapa ndipo mtu anauliza kwa nini isitumike mojawapo ya dawa za RNA za ini ambazo tayari ziko sokoni. Zipo, na ni nzuri. Givosiran, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa porifiria kali ya ini, hudungwa chini ya ngozi miligramu 2.5 kwa kilo kila mwezi. Lumasiran ya mwaka 2020 inatibu ugonjwa ambao ini huzalisha oksaleti kupita kiasi hadi figo zikajaa mawe. Lakini zote mbili hufanya kazi kwa kunyamazisha: RNA fupi inakamata ujumbe wa jeni na kuufanya ukatwe. Zinafaa pale ini linapotengeneza kitu kingi mno. Kwa mtoto huyu kitu hakipo kabisa, na huwezi kunyamazisha kilichokwisha kunyamaza.

Njia ya kumpa RNA mjumbe ya CPS1 iliyo kamili, yaani nakala ya maelezo ambayo seli huisoma kutengeneza protini, nayo ingewezekana kwa nadharia, ila RNA mjumbe huishi saa au siku chache ndani ya seli, na ingebidi itolewe tena na tena maisha yote. Ukitumia virusi kupeleka jeni nzima, mwili hutengeneza kinga dhidi ya virusi hivyo na huwezi kurudia dozi. Tena ini la mtoto mchanga linakua, seli zinagawanyika, na jeni iliyoelea pembeni inazidi kupungua kwa kila mgawanyiko.

Kwa hiyo timu ya Rebecca Ahrens-Nicklas wa Children's Hospital of Philadelphia na Kiran Musunuru wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilichagua kurekebisha herufi yenyewe. Walikuwa wameanza kushirikiana mwaka 2023 juu ya magonjwa haya haya ya mzunguko wa urea, kwa hiyo mtoto aliwakuta njiani. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyopewa: miezi 6 iliwezekana kwa sababu kabla yake palikuwa na miaka ya maandalizi.

Kwa nini kosa la baba na si la mama? Kihariri walichokuwa nacho, yaani protini ya kubadilisha herufi ya DNA, cha ukoo uliozaliwa katika maabara ya mwanakemia David Liu mwaka 2017, kinajua kugeuza A kuwa G tu. DNA ina nyuzi mbili, na T iliyo kosa kwenye uzi mmoja inatazamana na A kwenye uzi wa pili. Ukiigeuza A hiyo kuwa G, seli itaweka C mkabala wake, na TAG inarudi CAG, neno la asili kabisa. Kwenye kosa la mama, hesabu hiyo hiyo ingetoa CAG mahali palipotakiwa GAG: glutamini mahali pa asidi glutamiki. Mnyororo ungeendelea, lakini ukiwa na kiungo kisicho chake. Na kwa kuwa nakala moja nzima inatosha, kama inavyowatosha wazazi, hapakuwa na haja ya kugusa ya pili.

Dawa yenyewe ina nini

Ukiifungua chupa kwa mawazo utakuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni RNA mjumbe, yenye maelezo ya kutengeneza kihariri. Kihariri ni protini mbili zilizounganishwa: Cas9, protini ya kukata DNA, iliyopunguzwa makali ili ikwaruze uzi mmoja tu badala ya kukata zote mbili, na kimeng'enya kinachoondoa kundi la amini kwenye A ili igeuke inosini, ambayo seli huisoma kama G. Mkwaruzo unafanywa kwenye uzi ambao haukuhaririwa, ili seli inaporekebisha iufuate uzi uliokwisha kuhaririwa.

Cha pili ni RNA elekezi, yenye herufi kama 100, ambazo 20 kati yake zinalingana na sehemu ya jeni ya mtoto pale kosa lilipo. Hicho ndicho kipande pekee kilichoshonwa kwa kipimo cha mtoto mmoja. Cas9 ya kawaida inadai kuona herufi NGG (N ni herufi yoyote) pembeni ya lengo, na pale hapakuwa na mpangilio huo, hivyo wakatumia iliyobadilishwa ili ikubali NGC. Ni jambo dogo, lakini bila hilo mradi ungefia hapo.

Cha tatu ni chembe ndogo za mafuta zinazozibeba RNA hizo. Zikiingia kwenye damu, protini ya mwili iitwayo apolipoprotini E huzivaa, na seli za ini, zilizozoea kupokea mafuta yaliyovaa hivyo, huzimeza. Ndani ya kifuko cha seli mazingira huwa ya asidi. Mafuta maalumu ya chembe hupata chaji, hupasua kifuko, na RNA humwagika kwenye seli. Ndiyo sababu ini ndilo kiungo rahisi kuliko vyote kwa dawa za RNA, na magonjwa ya ini yanatangulia mengine.

RNA mjumbe ilitoka kampuni ya Aldevron, RNA elekezi Integrated DNA Technologies, na chembe za mafuta Acuitas. Kundi la Fyodor Urnov katika Innovative Genomics Institute, taasisi ya utafiti ya California, lilishughulikia swali linalotisha kuliko yote: je, kihariri kitagusa mahali pengine? Hapa hufai kutumia ramani ya jenomu, yaani DNA yote, ya mtu wa wastani. Mtoto ana tofauti zake, na mahali palipo salama kwa mwingine huenda kwake pamefanana na lengo. Ilibidi utafutaji ufanywe kwa kuzingatia jenomu yake mwenyewe.

Kabla ya kumgusa mtoto, kosa lake lilipandikizwa kwenye seli za maabara, wakajaribu vihariri mbalimbali hadi wakapata kilichorekebisha vizuri bila kuchezea A za jirani. Dirisha la kihariri lina upana wa herufi kadhaa, na A nyingine ikiangukia humo nayo hugeuzwa. Hilo likitokea unaweza kurekebisha kosa moja na kuzaa lingine. Kisha panya waliobeba mfuatano wa mtoto, kisha tumbili kwa ajili ya usalama. Mazungumzo na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, yalianza mapema, na maombi rasmi ya mgonjwa mmoja yalipowasilishwa, ruhusa ilipatikana ndani ya wiki 1.

Wakati wa kungoja

Miezi hiyo yote mtoto alikuwa wodini. Maziwa ya mama yana takriban gramu 1 ya protini kwa mililita 100. Mtoto anayenyonya mililita 150 kwa kilo kwa siku anapata gramu 1.5 kwa kilo bila mtu kuhesabu. Kwa mwenye ugonjwa huu, kiasi hicho cha kawaida kinaweza kumlaza. Anapewa kidogo kuliko anavyohitaji kukua vizuri, kalori zinajazwa kwa mchanganyiko usio na protini, na gliseroli fenilibutireti, ndugu wa fenilaseteti anayemezwa, hubeba ziada. Protini ikiongezwa kidogo kupita kiasi, amonia inapanda. Ikipunguzwa kupita kiasi, misuli inavunjika na amonia inapanda vilevile. Mafua ya siku 2 tu huweza kuvuruga mizani, kwa sababu homa na kukosa hamu ya kula humfanya mtoto aile misuli yake.

Tiba inayofahamika ni kupandikiza ini, na mtoto alipofika miezi 5 aliwekwa kwenye orodha. Upandikizaji huondoa tatizo la amonia kwa kweli. Lakini unadai mtoto awe amekua vya kutosha kustahimili upasuaji, ini lipatikane, na dawa za kushusha kinga maisha yote. Kila siku ya kungoja ni hatari ya shambulio jingine kwenye ubongo.

Dozi, na jinsi ya kusoma matokeo

Kwa kuwa RNA mjumbe huzalisha protini ya asili ya bakteria ndani ya ini, palikuwa na hofu kwamba kinga ingezishambulia seli zilizohaririwa na kuzuia dozi za baadaye. Mtoto alitangulizwa sirolimusi na takrolimusi, dawa za kushusha kinga. Dozi ya kwanza ilikuwa miligramu 0.1 za RNA kwa kilo, ndogo kwa makusudi, ya kupima usalama. Kwa mfano, kwa mtoto wa kilo 7 ni miligramu 0.7 tu za RNA. Siku 22 baadaye ikafuata 0.3 kwa kilo, na Aprili 2025 dozi ya tatu. Hakuna madhara makubwa yaliyoripotiwa. Kwa dawa za chembe za mafuta kinachoviziwa saa na siku za mwanzo ni homa, shinikizo kushuka, vipele, na vimeng'enya vya ini kupanda.

Je, ilifanya kazi? Hapa ndipo msomaji makini anatakiwa kutulia. Jibu la moja kwa moja lingepatikana kwa kukata kipande cha ini na kuhesabu ni seli ngapi zimerekebishwa. Halikukatwa, kwa sababu hatari kwa mtoto wa hali ile haikukubalika, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa hiyo hakuna asilimia ya kutajwa. Ushahidi unatoka kwenye mizani yenye pande tatu: protini inayoingia, dawa ya kubeba naitrojeni, na amonia kwenye damu. Ukitazama amonia peke yake utadanganyika, maana inaweza kushuka kwa sababu tu umempunguzia maziwa.

Baada ya dozi ya kwanza, mtoto aliweza kupokea protini ya kiwango kinachostahili umri wake, bado akiwa na dawa zile zile. Baada ya ya pili, dawa ya kubeba naitrojeni ilishushwa hadi nusu. Naitrojeni inayoingia imeongezeka, mlango wa nyuma umefungwa nusu, na amonia haijapanda. Mzigo huo lazima unapita mahali, na mahali pekee palipobaki ni mzunguko wa urea.

Kwetu sisi ushahidi wenye nguvu zaidi ni mwingine. Katika wiki hizo mtoto alipata maambukizi ya virusi zaidi ya mara moja, aina ile ile ya ugonjwa ambayo kwa kawaida humrudisha mtoto wa CPS1 kwenye mashine. Hakupata shambulio la amonia. Lishe inaweza kupangwa na daktari. Mafua hayapangwi na mtu.

Mtoto alirudi nyumbani Juni 2025, baada ya siku 307 hospitalini. Madaktari wake wenyewe hawakusema amepona. Walisema ugonjwa umekuwa mwepesi, na kwamba atafuatiliwa miaka mingi. Habari zilizoandika "amepona" ziliwakosea wazazi wa watoto wengine, kwa sababu mzazi akisikia kupona ataacha kupima protini. Mtu mmoja bila kundi la kulinganisha hawezi kutoa hitimisho kwa wote. Lakini pia mtoto wa CPS1 kali haanzi kuvumilia protini na virusi kwa bahati tu, na hilo lihesabiwe.

Hatua inayofuata waliyoieleza watafiti ni kuacha sehemu mbili za dawa zilivyo, yaani chembe za mafuta na RNA mjumbe, na kubadilisha RNA elekezi peke yake kwa kila mtoto, ndani ya jaribio moja linalojumuisha jeni kadhaa za mzunguko wa urea. Ikikubalika hivyo, sehemu kubwa ya uchunguzi wa usalama haitarudiwa kuanzia mwanzo. Watakaobaki nje ni wale ambao kosa lao halirekebishiki kwa kugeuza A kuwa G, na wale waliokosa kipande kizima cha jeni.

Kwa anayesoma akiwa Afrika Mashariki au Ghuba

Dawa hii haipo kwetu. Ugonjwa upo. Katika familia ambazo binamu huoana, kama ilivyo kawaida Omani na kwingineko Ghuba, na kwa baadhi ya jamii za pwani yetu, magonjwa ya kurithi kutoka pande zote mbili hujitokeza zaidi, na magonjwa ya mzunguko wa urea ni miongoni mwao. Mama anayesema "huyu ni wa tatu, wote wamekufa siku ya tatu au ya nne, wote walizaliwa wazima" ameshakupa nusu ya utambuzi. Uwezekano kwa kila ujauzito ni 1 kati ya 4.

Mtoto wa namna hiyo akizaliwa, mipango ianze kabla ya kitovu kukatwa: maabara ipi inapima amonia, barafu iko wapi, nani atabeba sampuli kwa mguu. Antibayotiki za maambukizi zianze kama kawaida, na glukosi ya asilimia 10 ianze pamoja nazo, kwa kuwa haimdhuru mwenye maambukizi na inampa nafasi mwenye ugonjwa huu. Maziwa yasimame saa chache hadi jibu litoke. Na ikiwa mtoto anaelekea kufa kabla ya jibu, hifadhi damu iliyokaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, plazima kidogo kwenye friza, na mkojo. Matone machache yaliyokauka kwenye karatasi, ndani ya bahasha yenye jina na tarehe, hukaa miaka, na DNA iliyomo inatosha kusoma jeni ya CPS1 kabla mama huyo hajashika mimba nyingine.